Kutafsiri kazi ya mwingine hakuifanyi kuwa yako

Msimu wa kusahihisha tasnifu umewadia tena, na kama ilivyo ada, meza yangu imefunikwa na marundo ya karatasi, kila rundo likiwa limebandikwa cheti chake cha usafi. Cheti hicho hutolewa na programu ya kompyuta inayoilinganisha kazi ya mwanafunzi na maandishi chungu nzima yaliyomo mtandaoni, kisha ikataja kwa asilimia kadiri ya mfanano iliouona. Chuo huweka kiwango. Mwanafunzi akikipita, kazi hurudishwa. Asipokipita, husonga mbele, na aghalabu hakuna amwulizaye swali jingine.

Tasnifu ninayotaka kuizungumzia leo ilikuwa na asilimia 6. Kwa kipimo cha mashine, ilikuwa safi kama pamba. Nilianza kuisoma jioni, kikombe cha chai kikiwa kando, na mambo yalikwenda shwari hadi ukurasa wa 23, ambapo mwandishi alidai kwamba katika Kiswahili "msongo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho." Nilicheka peke yangu. Kinachoangukia silabi hiyo ni mkazo, na mwanafunzi wa kidato cha kwanza anajua hivyo. Msongo ni wa mawazo, na kwa kweli ndio ulioanza kuniangukia mimi. Kurasa chache mbele nikakutana na "sauti tulivu" ya kitenzi mahali palipostahili kauli ya kutendwa. Kisha nikasoma: "Karatasi hii inabishana kwamba..." Karatasi inabishana na nani?

Msomaji anayekijua Kiingereza ameshatambua kilichotokea. Lugha hiyo hutumia neno moja kwa mkazo wa silabi na kwa msongo wa mawazo, neno moja kwa sauti itokayo kooni na kwa kauli ya kitenzi. Na lile neno lake la karatasi ndilo wanazuoni wake huliita makala. Mashine ya kutafsiri, ambayo haijasoma isimu, ilikuwa imeokota maana iliyo karibu. Iliniwia kazi ya robo saa kuipata makala yenyewe mtandaoni. Sura nzima ya pili ya tasnifu ilikuwa ni makala hiyo, aya kwa aya, imevishwa kanzu ya Kiswahili. Programu tunayoitumia haikuona kitu kwa sababu haikuwa na la kuona: hupima mfanano wa maneno kwa maneno, na baina ya maandishi hayo mawili hapakuwa na maneno yaliyofanana ila majina ya watu.

Mwanafunzi mwenyewe ni kijana mtulivu, mwalimu wa sekondari anayejilipia karo ya uzamili kutoka kwenye mshahara wake. Nilimwita ofisini, nikaziweka kazi hizo mbili sambamba mbele yake. Hakubabaika.

"Daktari, mimi sikunakili," akasema. "Nilitafsiri."

Nimekuwa nikilitafakari jibu hilo kwa majuma kadhaa, na kadiri ninavyolitafakari ndivyo ninavyosadiki kuwa hakuwa akinidanganya. Aliamini alichokisema. Tena naamini kwamba sisi walimu ndio tuliomfundisha. Tangu shule ya msingi tumemwambia mtoto: usinakili, andika kwa maneno yako mwenyewe. Hatukumwambia kwamba mawazo yaliyo chini ya maneno hayo nayo yana mwenyewe. Mtoto akaondoka darasani akiamini kwamba kosa limo katika maneno, na kwamba akishayabadilisha maneno ametakata. Sasa, ni mabadiliko gani ya maneno yanayoweza kuwa makubwa kuliko kuyahamisha yote kutoka lugha moja hadi nyingine? Kwa mantiki aliyolelewa nayo, kijana huyu alikuwa amefanya zaidi ya alivyotakiwa.

Sheria haimwungi mkono. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 inampa mwenye kazi mamlaka juu ya kuinakili, kuitafsiri, kuigeuza na kuisambaza kwa umma. Haimtaki kwanza aende kuisajili. Kazi hulindwa tangu inapowekwa katika umbo la kudumu, na ulinzi huo hudumu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake. Na kwa vile Kenya imo katika Mkataba wa Berne tangu mwaka wa 1993, mwandishi wa nchi nyingine mwanachama hulindwa hapa kwetu kama alindwavyo wetu. Sheria hiyo hiyo pia imemwekea msomaji mlango wazi: anaruhusiwa kuitumia kazi kwa kiasi cha haki katika utafiti, matumizi ya kibinafsi, uhakiki na uripoti wa mambo ya sasa, mradi akitaje chanzo. Mlango ni mpana wa kumtosha kila mwanafunzi aliye na nia njema. Kijana wetu angeweza kudondoa aya mbili tatu za makala ile, akazifasiri mwenyewe, akamtaja mwandishi, akaendelea na safari yake bila ya kuvunja lolote.

Hata hivyo, nataka tusichanganye mambo mawili ambayo huchanganywa kila siku katika mijadala ya vyuoni. Hakimiliki hulinda namna wazo lilivyotamkwa; hailindi wazo lenyewe. Mtu akilichukua wazo langu kuhusu kiimbo akalieleza kwa lugha yake na kwa mpango wake, siwezi kumshtaki. Lakini asiponitaja, amekiuka maadili ya taaluma, na chuo kinaweza kumnyima shahada ingawa mahakama haina habari naye. Kinyume chake, mtu anaweza kukinakili kitabu changu chote, akalibandika jina langu kwa herufi kubwa kila ukurasa, akakigawa bure mtandaoni. Huyo hajadai kuwa yeye ndiye mtunzi. Kitaaluma ni mkweli wa ajabu. Kisheria amenihujumu. Kuna wizi wa jina na kuna wizi wa jasho, na dawa ya mmoja haiuponyi mwingine.

Hayo yote nilimweleza kijana, nami nikiwa nimeegemea kiti kwa kuridhika. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza, kwa adabu zote: "Na kile kitabu ulichotutumia kwenye kundi la darasa tukiwa mwaka wa tatu, Daktari, mwenyewe alikupa ruhusa?"

Naam. Hapo ndipo chai yangu ilipopoa.

Darasa analolitaja lilikuwa na wanafunzi 140. Maktaba ilikuwa na nakala 2 za kitabu hicho, na moja ilikuwa haijulikani iliko. Kilikuwa kimekwisha kutoweka madukani. Mwenzangu mmoja alikuwa nacho katika faili, naye sikumwuliza alikipata wapi. Nami nikakituma chote, kurasa zaidi ya 200, kwa kubofya mara moja, kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Nilipokea dua nyingi siku hiyo. Sikuwa na shaka kuwa nimetenda jema, na hata leo nikikumbuka nyuso za wanafunzi wale ambao hawakuwa na uwezo wa kununua kitabu, moyo wangu hauko tayari kujihukumu kikamilifu. Lakini matumizi ya haki ninayoyahubiri hayafiki huko. Kitabu kizima kwa watu 140, ambao kila mmoja anaweza kukituma kwa wengine 140, hakiwezi kuitwa dondoo.

Mimi ni mtoto wa mashine ya kudurufu. Nilipoingia chuo kikuu, vibanda vya kudurufu vilikuwa vimezunguka lango kama siafu, na kitabu kilichoingia humo asubuhi kilitoka jioni kikiwa vitabu kumi, vimeshonwa kwa waya wa plastiki. Ninacho kimoja rafuni hadi leo. Tofauti ni kwamba mashine ile ilikuwa na mipaka yake: karatasi iligharimu, wino ulififia, nakala ya nakala haikusomeka. Faili haina uchovu. Nakala ya laki moja huwa safi kama ya kwanza, na anayeituma hagharimiki chochote. Ndiyo maana mizani tuliyoizoea, ile ya kusema kwamba ni nakala moja tu na haitamwumiza mtu, imevunjika mikononi mwetu bila ya sisi kutambua.

Walimu wa shule za upili watanisamehe nikiwaingiza katika kesi hii. Kigogo ya Pauline Kea, Chozi la Heri ya Assumpta Matei, na baadaye Bembea ya Maisha ya Timothy Arege na Nguu za Jadi ya Clara Momanyi ni vitabu vilivyoteuliwa kutahiniwa katika miaka ya hivi karibuni. Kitabu kinapoteuliwa, hazipiti wiki nyingi kabla ya picha za kurasa zake kuanza kuzungukazunguka katika makundi ya walimu, zikifuatwa na miongozo isiyo na jina la mtu, ambayo nayo imechota kutoka miongozo mingine. Tunawafundisha watoto dhamira ya uadilifu kwa kutumia kitabu kilichoibwa. Nao watoto si wajinga. Wanajua faili ile imetoka wapi. Tena tukumbuke kwamba kwa mwandishi wa Kiswahili, kuteuliwa kwa kitabu chake ndiyo nafasi pekee, pengine mara moja maishani, ya kuona mrabaha wenye maana. Vitabu vyetu vingine vyote huuzwa kwa idadi ambayo ni aibu kuitaja.

Baada ya kijana kuondoka nilimwandikia barua pepe mwandishi wa kile kitabu. Ni mzee aliyestaafu, anaishi mashambani. Nilimkiri kosa langu na kumwomba ruhusa kwa ajili ya darasa lijalo. Alinijibu siku ya tatu. Aliniruhusu sura 2, akataka jina lake na la mchapishaji yakae juu ya kila sura, kisha akaongeza, bila ya uchungu wowote ninaoweza kuuona, kwamba mrabaha wake wa mwaka uliotangulia haukutosha kununua gunia la mbolea. Sidai kuwa faili yangu moja ndiyo iliyomfukarisha. Wachapishaji wana yao ya kujibu, na serikali inayotoza ushuru wa vitabu huku ikihubiri elimu ina yake. Lakini katika orodha ya waliompunja, jina langu limo.

Yamkini msomaji ananiuliza: sasa mwanafunzi maskini asome nini? Swali ni la haki, na jibu lake ni jema kuliko lilivyokuwa zamani zangu. Kuna majarida ambayo wenyewe wameyaweka wazi kwa kila msomaji. Swahili Forum, litolewalo Ujerumani, husomwa mtandaoni bila ya malipo. Vyuo vikuu vyetu kadhaa, kikiwemo cha Nairobi, huweka tasnifu zao katika hazina za mtandaoni ambazo yeyote anaweza kuzifungua. Tangu mwaka wa 2002 kuna leseni za Creative Commons, ambazo kwazo mwandishi hutangaza mapema ni lipi analoliruhusu: unakili lakini unitaje, au unitaje na usiuze, au unitaje na utakachokizalisha nacho ukiachie wengine kwa masharti haya haya.

Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka wa 2003, imo chini ya leseni ya aina hiyo, na hapa nina neno na wahadhiri wenzangu. Tumewapiga marufuku wanafunzi kuitaja. Wameitikia vizuri sana: wanaitumia kila siku, na hawaitaji. Kwa amri yetu tumewafundisha kuficha chanzo, ilhali leseni inadai kitajwe. Ingekuwa heri mara mia mwanafunzi aandike kwamba alianzia Wikipedia, kisha atuonyeshe alivyotoka hapo akaenda kuvichunguza vyanzo vyenyewe.

Jipya lililotukumba ni akili unde. Tangu programu ya ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, nimesoma insha nyingi ambazo hazina kosa la sarufi wala mtu ndani yake. Mwaka jana mwanafunzi mmoja aliniletea orodha ya marejeleo iliyokuwa na makala yangu kuhusu ngeli, pamoja na mwaka, jarida na kurasa. Nilifurahi kidogo, kwa kuwa ilikuwa na kichwa kizuri. Taabu ni kwamba sijawahi kuiandika. Mashine hizi hujua umbo la rejeleo jinsi kasuku ajuavyo umbo la salamu.

Wanafunzi wana hoja moja ambayo siwezi kuipuuza: mbona wakubwa nao wanaiba? Desemba 2023 gazeti la The New York Times liliishtaki kampuni iliyounda ChatGPT kwa kutumia makala yake bila idhini. Mwaka wa 2025 kampuni ya Anthropic, katika kesi iliyofunguliwa na waandishi huko Marekani, ilikubali kulipa dola bilioni 1.5. Jaji alikuwa amesema kwamba kuifunza mashine kwa vitabu ni matumizi yanayoruhusiwa chini ya sheria ya Marekani, lakini kujiwekea maktaba ya vitabu vilivyopakuliwa kutoka hazina za maharamia siyo. Hesabu ilifika takriban dola 3,000 kwa kila kitabu. Waandishi wetu waliposikia habari hizo, baadhi yao walianza kupiga hesabu. Wakome. Miongoni mwa masharti ya fidia hiyo ni kwamba kitabu kiwe kilisajiliwa katika ofisi ya hakimiliki ya Marekani. Riwaya ya Kiswahili iliyochapishwa Nairobi, ambayo mwandishi wake hakuwahi kufikiria kuisajili Washington, hata kama imo ndani ya hazina ile ya maharamia, haimo ndani ya malipo.

Hili linapaswa kutukereketa sisi wa Kiswahili kuliko wengine. Tunalalamika kwamba mashine hazikijui Kiswahili vizuri, nalo ni kweli. Mfano wa "msongo" ni ushahidi. Tunataka zikijue. Na zitakijua vipi bila ya maandishi yetu? Mimi si miongoni mwa wanaotaka kufunga milango yote. Maelfu ya watu wamezitoa sauti zao kwa hiari yao katika mradi wa Common Voice wa shirika la Mozilla, ambao una Kiswahili ndani yake, na wamefanya hivyo wakijua wanachokitoa na wanakokipeleka. Kutoa kwa hiari na kuchukuliwa usingizini ni mambo mawili. Lakini hoja ya mwanafunzi bado haisimami. Kwamba tajiri amevunja duka la mzee yule yule hakumpunguzii mzee hasara ninayomtia mimi. Kunamwongezea tu mwizi wa pili.

Kuna biashara nyingine ambayo Wakenya tumejulikana kwayo duniani, ile ya vijana wetu kuwaandikia insha wanafunzi wa ng'ambo kwa malipo. Magazeti ya Marekani yaliiandika kwa kirefu mwaka wa 2019, na Aprili 2022 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria inayoifanya huduma hiyo kuwa jinai nchini England. Nitaipita haraka kwa kuwa inastahili makala yake. Nasema tu kwamba humo anayeiba siye aandikaye bali atiaye jina, na kwamba kijana aliyewaandikia wageni insha 300 za uuguzi na falsafa, akafaulu zote, anarudi kwetu kutafuta kazi akiwa hana hata ukurasa mmoja wa kuonyesha.

Wala wahadhiri tusijifanye malaika. Msimamizi anayelitanguliza jina lake kwenye makala iliyotoka katika tasnifu ya mwanafunzi, ambayo hakuiandika hata aya, yuko katika fungu lile lile. Ujerumani Waziri wa Ulinzi, Karl-Theodor zu Guttenberg, alijiuzulu Machi 2011 baada ya kugunduliwa kuwa tasnifu yake ya udaktari ilijaa maandishi ya wengine. Mwaka uliofuata Rais wa Hungaria, Pál Schmitt, naye aling'atuka kwa sababu ya aina hiyo hiyo. Katika kisa cha Guttenberg, wananchi wa kawaida walijikusanya mtandaoni, wakaisoma tasnifu ukurasa baada ya ukurasa na kutafuta kila aya ilikotoka. Yaani walifanya kazi ambayo watahini walipaswa kuifanya mapema. Nikilikumbuka jambo hilo, huwa naviangalia vile vyeti vya asilimia mezani pangu kwa jicho jingine.

Kabla sijarudi kwa kijana wangu, nikumbuke kisa kimoja cha kale cha fani yetu. Mwaka wa 1903 kilichapishwa Göttingen, Ujerumani, kitabu cha Desturi za Wasuaheli. Jina lililowekwa kwenye jalada ni la Carl Velten. Aliyeandika sehemu kubwa ya maelezo yale, kwa Kiswahili kitamu cha mrima, ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, ambaye wakati huo alikuwa akifundisha Kiswahili Berlin. Alifia mji huo huo mwaka wa 1927. Vizazi vya wanafunzi vimekidondoa kitabu kile kwa jina la Velten. Ilipotoka tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen mwaka wa 1981 ndipo jina la Mtoro lilipowekwa mbele ya wasomaji wengi mahali palipolistahili.

Leo kitabu cha 1903 kinapatikana mtandaoni, na kila muda wa hakimiliki ninaoujua umekwisha kupita. Yeyote anaweza kukipakua, kukinakili, hata kukichapisha na kukiuza. Hapana wa kumshtaki. Lakini mwanafunzi akinieleza unyago au unyumba wa Kiswahili wa karne ya 19 kwa maelezo ya Mtoro, akayaacha bila jina kana kwamba aliyaota, amefanya kile kile kilichofanywa mwaka wa 1903, na sasa hata kisingizio cha wakati hana. Sheria imemaliza kazi yake miaka mingi iliyopita. Deni lingali pale pale.

Kijana wangu aliipokea adhabu bila ya kulalamika: sura ya pili imefutwa, na kutahiniwa kwake kumeahirishwa hadi muhula ujao. Wapo katika kamati waliotaka afukuzwe. Nilipinga, na sitaficha kwamba swali lake kuhusu kile kitabu ndilo lililonifanya nipinge kwa sauti ya chini kidogo.

Kilichonisikitisha zaidi ni kwamba hakuhitaji kuiba. Utafiti wake unahusu kiimbo cha maswali katika Kivumba, lahaja ya Vanga na Wasini kule pwani ya kusini. Ana saa 11 za sauti alizozirekodi mwenyewe kwa simu yake, na sura zake za tatu na nne, zilizotokana na sauti hizo, zina mambo ambayo sijayasoma popote. Aliiona sura ya pili kuwa ni sherehe tu, mlango wa kupitia. Akaiba mlango wa nyumba ambayo ni yake.

Juzi aliniletea sura mpya. Ni fupi, imepindapinda, na ni ya kwake. Mkazo umerudi kwenye silabi yake. Alikuja pia na jambo lililokuwa likimkosesha usingizi. Sehemu kubwa ya data yake nzuri imetoka kwa bibi mmoja wa Vanga, ambaye licha ya kujibu maswali, alimweleza mwenyewe tofauti ya swali la kutaka kujua na swali la kukejeli, akamwonyesha kwa mifano mahali sauti inapopanda. Katika tasnifu bibi huyo anaitwa Mhojiwa 4. Hivyo ndivyo kanuni zetu za utafiti zinavyotaka, ili kumlinda. Nayo hakimiliki humtazama zaidi aliyeiweka kazi katika umbo la kudumu, na aliyebonyeza kitufe cha kurekodi ni kijana. Tuna sheria ya mwaka wa 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni, lakini hiyo huzungumza zaidi na jamii kuliko bibi mmoja aliyeketi ukumbini kwake akichambua lugha.

"Uchambuzi ule ni wake, Daktari," akaniambia. "Jina lake niliandike wapi, kwenye shukrani au kwenye marejeleo?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nilimwambia kwamba wa kuulizwa si mimi. Anasafiri Ijumaa kwa basi la usiku hadi Mombasa, kisha Vanga, akiwa na sura ya nne mkononi ili amsomee bibi aya zilizotokana na maneno yake.